Mpangaji Asiyesikia Mafumbo

Katika mtaa wote wa Musinzira, pale Gitega, hakukuwa na mwenye nyumba mpole kama Salama, na hakukuwa na mwenye nyumba aliyewapa wapangaji wake kazi ngumu kama yeye. Huo upole wake ndio uliokuwa kazi yenyewe. Tangu afiwe na mumewe, Juma fundi cherehani, Salama hakuwahi kumwambia mpangaji jambo lolote uso kwa uso. Alimwambia mbuzi.

Zamani kusema ilikuwa kazi ya Juma. Akiona mpangaji ameacha lango wazi, Juma alisimama katikati ya ua, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, akasema, "Bwana, lango," na mambo yakaishia hapo. Jioni yeye na mpangaji yuleyule walikuwa wakicheza karata. Salama alijificha ndani amekaza midomo kwa aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyeambiwa. Juma alipofariki, nyumba ya nyuma ilibaki, wapangaji wakabaki, na kazi ya kusema ikamwangukia mtu ambaye hata sokoni alinunua nyanya zilizopondeka kwa kuogopa kumuudhi muuzaji.

Ndipo mbuzi alipopata cheo. Alikuwa mbuzi jike, mweupe, aliyefungwa hatua chache kutoka mlango wa nyumba ya nyuma. Mpangaji akimwaga maji machafu njiani, Salama alikwenda kumpa mbuzi majani, akamwambia kwa sauti ya kufika mbali, "We mbuzi, angalia usiteleze. Siku hizi hapa iko muto." Wapangaji wa wakati huo, watu wa mjini waliozaliwa katikati ya maneno ya namna hiyo, walisikia, wakacheka chinichini, na maji hayakumwagwa tena. Salama alijiona amepata njia nzuri kuliko ya marehemu.

Kisha wakaja Josephat na Anisia.

Vijana hawa walirudi kutoka Tanzania wakati kambi za upande wa Kibondo zilipokuwa zikifungwa. Walivushwa mpaka wakiwa wachanga migongoni mwa mama zao, wakakulia huko, wakaoana huko. Ardhi ya marehemu baba yake Josephat ilikuwa Giheta, mikononi mwa baba yake mdogo, Kasiano. Kwa kuwa hawakujua watapewa nini, au kama watapewa, walipanga kwanza mjini. Josephat alifanya kazi ya kujenga, Anisia akauza mboga. Walisema Kiswahili kilichonyooka kama cha redio, chenye shikamoo na tafadhali. Tena walikulia mahali ambapo jambo lolote lilitangazwa kwa kipaza sauti: kesho maharage, keshokutwa chanjo, wiki ijayo watu wa upande huu watahama. Kwao jambo lisilotamkwa lilikuwa halipo.

Mtihani wa kwanza ulikuwa mihogo. Anisia aliivundika ndani ya ndoo, na ndoo akaiweka kivulini, na kivuli chenyewe kilikuwa chini ya dirisha la Salama. Salama alivumilia. Alifunga dirisha, akachoma ubani, akavumilia tena. Hatimaye alikwenda kwa mbuzi.

"We mbuzi," alisema kwa sauti yake ya kufika mbali, "pua yako iko sawa kweli? Mi najiulizaga kama ungali unasikia harufu."

Josephat, aliyekuwa akinawa mikono mlangoni, alisikia kila neno. Siku iliyofuata alirudi kutoka kazini akifuatana na mtu mwenye koti la kijani na mkoba.

"Shikamoo, mama. Nimekuletea veterineri, daktari wa mifugo. Nilisikia una wasiwasi na pua ya mbuzi."

Mbuzi alikamatwa, akachunguzwa puani, akadungwa sindano ya tahadhari, na akamtupia Salama jicho la mtu aliyesalitiwa na rafiki.

"Iko na afya," alisema veterineri. "Pua iko bien kabisa."

"Merci, baba," Salama alijibu.

Usiku wa siku hiyo Josephat alimwambia mkewe, "Mama wa watu ni mpweke. Hana wa kuongea naye ila mbuzi." Tangu hapo, kila alasiri Anisia alipomaliza kuuza mboga, alichukua kigoda chake akaenda kukaa na Salama barazani. Alimenya njegere, akasimulia ya kambini, akauliza jinsi ya kupika pilau. Salama, ambaye kwa kweli alikuwa mpweke ingawa hakuna aliyewahi kumwambia, alianza kumsubiri. Akichelewa, alichungulia langoni. Mihogo iliendelea kuvunda palepale chini ya dirisha, na sasa haikusemeka kabisa, maana utamwambiaje hivyo mtu anayekuchambulia mchele?

Mambo yakiwa hivyo, simu ililia kutoka Muyinga. Alikuwa Yasmina, binti yake wa pekee. Mumewe Hussein alikuwa akibadilisha pesa mpakani Kobero kwa miaka mingi, na sasa amepata sehemu katika soko la Gitega, atauza vitenge. Yasmina alikuwa mjamzito, karibu kujifungua. Mtoto akipata nguvu kidogo, watahamia Gitega wote.

"Tutakaa mu nyumba ya nyuma, mama," alisema Yasmina. "Lakini uwaambie wapangaji mapema. Si unajua, mutu anahitaji kujipanga."

"Nitawaambia," alisema Salama, na furaha yake ikaingiwa na kitu kama changarawe.

Aliwaambia, kwa njia yake. Alimpelekea mbuzi maganda ya ndizi, akamkalia karibu, akapaza sauti. "We mbuzi, furaha imetufikia. Wajukuu wanakuya. Lakini hapa patakuwa padogo, enfin, wenye akili wataanza kutafuta pengine pa kukaa."

Josephat alikuwa pale, ananoa jembe. Alitikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyepokea habari nzito. Salama alirudi ndani ameshusha pumzi. Ameelewa, alijiambia. Kijana mzuri, ameelewa.

Jumapili Josephat aliporudi kutoka kanisani alibadilisha shati, akaleta mbao, misumari na wenzake wa kazini, na kabla ya jua kushuka walikuwa wamemjengea mbuzi banda jipya, pana, lenye sakafu iliyoinuliwa na paa la mabati.

"Nilivyosikia wajukuu wanakuja na pale ni padogo," alisema akifuta jasho, "nikajua mbuzi ana mimba. Hongera, mama."

Anisia naye alikuwa amelima kando ya ua na kupanda maharage. Alisema yatatosha nyumba zote mbili, ya mbele na ya nyuma. Salama alitazama banda, akatazama matuta, akaona kwamba kila anapowaambia watu hawa waondoke, wanazidi kuota mizizi.

Alikimbilia Muyinga. Bila shaka alikwenda kumsaidia binti yake, ambaye uchungu ulimshika siku chache baada ya yeye kufika, akajifungua mtoto wa kike bila taabu. Lakini ndani ya basi, vilima vikipita dirishani, moyo wake ulikuwa na wepesi wa mtu anayekwepa.

Kuikwepa kazi yake akiwa nyumba moja na Yasmina hakuweza. Yasmina alikuwa na ulimi wa baba yake.

"Wapangaji umewaambia?" aliuliza, mtoto akiwa bado ananyonya.

"Niliwaambia."

"Wakasema nini?"

Salama alikunja nepi aliyokuwa ameshaikunja. "Walijenga banda."

"Banda gani?"

"Ya mbuzi."

Yasmina alimtazama mama yake kwa muda mrefu. Alikuwa amekulia katika ua ule, alimjua yule mbuzi na alimjua mbuzi aliyemtangulia. "Mama," alisema taratibu, "ulimwambia nani?"

Salama alichukua nepi nyingine. Yasmina alicheka mpaka mtoto akaachia titi na kuanza kulia, ndipo akanyoosha mkono akachukua simu ya mama yake, akabonyeza namba ya Josephat, akampa. "Voilà. Sema sasa."

Salama aliishika simu kwa mikono miwili. Alimsalimia Josephat. Aliuliza hali ya Anisia, hali ya kazi, hali ya mvua. Aliuliza kama maharage yameota. Yameota. Aliuliza kama lango linafungwa, linafungwa. Alimwambia kwamba mtoto ni wa kike, na Josephat akamwita Anisia, na Anisia akapiga kigelegele kilichosikika chumba kizima. Kisha Salama aliwaaga kwa dua, akakata.

"Ulitaka kusema lini?" aliuliza Yasmina.

"Alipiga kigelegele," alisema Salama kwa sauti ndogo. "Kwa mutoto wako. Sasa nitamwambia ahame kwa ajili ya mutoto huyohuyo?"

Yasmina hakucheka tena. Hussein, aliyekuwa ameingia wakati huo kutoka Kobero, na vumbi la malori bado mabegani, alikaa kwenye mkeka akavua viatu.

"Mama," alisema, "mi nimeona watu wa kambi wakivuka mwaka muzima. Kuna mama moja alishuka kwenye lori amebeba mulango wa nyumba yake ya kambini, mulango tu, kichwani. Nikamupa maji, tukaongea. Nikamuuliza kama alichoka kuhamahama. Akaniambia kuhama amezoea, kwa hiyo hakuna shida. Alisema shida ni kuambiwa siku ya kuhama ikiwa imeshafika." Alipangusa miguu. "Lori yetu nimeshaikodi, mama. Tutakuya mwezi ujao mwishoni. Ukinyamaza, watajua wakituona tunashusha vitanda."

Salama aliiona picha ile vizuri mno: yeye kasimama langoni, Anisia na kigoda chake, na vitanda vinashushwa. Siku iliyofuata alipanda basi.

Alipofika Musinzira hakuvua hata mtandio. Alimpita mbuzi bila kumtazama, akabisha hodi nyumba ya nyuma, jambo ambalo Anisia alisema baadaye lilimtisha, kwa kuwa mama mwenye nyumba hakuwahi kubisha hodi kwao tangu waingie. Josephat alikuwa anakula. Salama alikaa, akakataa chakula, akakubali chai, kisha akazungumza haraka, macho kwenye kikombe.

"Yasmina na mume wake na mutoto wanarudi. Mwezi ujao mwishoni. Nahitaji nyumba hii. Siwafukuzi ju ya ubaya, hamjanikosea kitu, isipokuwa mihogo, nayo ni kidogo. Nilitaka kuwaambia toka zamani. Nilishindwa."

Josephat aliweka tonge chini. Anisia alisimama, akaenda mlangoni, akatazama matuta yake ambayo maharage yalikuwa yameanza kutoa majani. Mgongo wake haukutikisika, lakini Salama alijua analia.

"Toka zamani lini, mama?" aliuliza Anisia bila kugeuka.

"Kabla ya banda."

"Kwa nini hukutuambia? Nilikaa na wewe kila siku."

"Ndiyo sababu," alisema Salama.

Anisia alijifuta uso kwa pindo la kitenge, akarudi, akakaa, safari hii kwenye mkeka karibu na miguu ya Salama. Josephat alikohoa.

"Asante kwa kuja kutuambia," alisema. "Kwa kweli, mama, asante. Mwezi na zaidi unatosha kutafuta. Mihogo ina nini?"

"Inanuka, mwanangu. Chini ya dirisha langu."

"Tangu lini?"

"Tangu veterineri."

Josephat alifikiri. Salama aliona fikra ikipita usoni mwake polepole kama mtu anayepanda kilima, ikafika juu, na hapo kijana akajifunika uso kwa mikono. Anisia alikuwa wa kwanza kucheka, machozi bado shavuni. Walicheka wote watatu, Josephat akiomba radhi kwa mbuzi na kwa pua yake.

Walipotulia, Salama aliuliza watakwenda wapi. Je, Giheta hakuna kitu?

"Giheta hapana," alisema Josephat, na kicheko kikamtoka usoni. "Baba mdogo hajasema lolote kuhusu ardhi ya baba. Nimekwenda mara nyingi. Namsalimia, ananipokea vizuri, ananipa maziwa, lakini kuhusu ardhi, kimya. Mimi naona haya kuuliza. Ameilima maisha yake yote, nami nimetoka tu kwenye lori."

"Hamuongei basi?"

"Tunaongea. Kila nikienda, ananipeleka kutazama shamba la bondeni, lile karibu na mto. Anasema mgongo wake siku hizi umekataa kushuka kule chini. Anasema udongo ule unataka miguu ya kijana."

Salama alishusha kikombe. "Anasema hivyo kila mara?"

"Kila mara. Mgongo unamsumbua sana."

"Na wewe unamujibu nini?"

"Nampa pole. Halafu mara ya mwisho nilimpelekea dawa ya kuchua."

Salama alimtazama kijana huyu mrefu, mwenye mikono ya kujenga na moyo usio na doa, akahisi huruma iliyochanganyika na kitu kilichomtekenya kifuani.

"Josephat, mwanangu," alisema, "yule mzee anakupa shamba."

"Hapana, mama. Hajasema."

"Amesema mpaka amechoka. Mgongo wake iko bien kama pua ya mbuzi."

Jumamosi walipanda basi dogo kwenda Giheta, watatu, Salama amevaa viatu vyake vya Idi. Kasiano alikuwa mzee mkavu mwenye kofia ya sufu, na hakuonekana kuumwa popote. Aliwakaribisha ndani, akamletea Salama maziwa, wakaanza kuzungumza kwa Kirundi, lugha ambayo Josephat aliijua ya jikoni tu, ya mama yake.

Kasiano alisema kwamba mvua ya mwaka huu imemwonea. Bondeni hashuki tena. Salama alisema kwamba ni kweli, na kwamba kuna miguu iliyotembea mbali sana na sasa inatafuta mahali pa kusimama. Kasiano alisema miguu mingine, ukiionyesha njia, inakuletea dawa. Salama alisema labda miguu hiyo haikufundishwa njia za huku, kosa si lake. Kasiano alivua kofia. Tangu majirani wa rika lake wapungue, hakuwa amepata mtu wa kuzungumza naye hivyo, na waliendelea kwa muda mrefu wakifurahia, wakizunguka jambo bila kuligusa. Josephat alikaa katikati yao kama mtu anayesikiliza redio ya nchi ambayo hajawahi kufika.

Ni Salama aliyekatiza. Mwenyewe alijishangaa.

"Mzee," alisema, safari hii kwa Kiswahili ili kijana asikie, "mi na wewe tumestarehe. Lakini mutoto huyu hatasikia kitu. Alikulia kwenye vipaza sauti. Mwambie kama unavyomwambia mutu aliyesimama ng'ambo ya mto."

Kasiano aliitazama sakafu. Alipoanza kusema, alisema kwa Kiswahili chake kidogo, na sauti yake ilikuwa na aibu kama ya kijana anayeposa.

"Shamba ya chini ni ya baba yako. Nililima ili watu wengine wasiseme haina mwenyewe. Ni yako. Na hapa juu, pa kujenga, ni yako pia."

Josephat hakusogea. "Kwa nini hukuniambia, baba?"

"Nilikuambia," alisema Kasiano, na sasa kulikuwa na uchungu kidogo. "Kila nikikupa, unaniletea dawa. Nikasema basi, mutoto wa kaka yangu hataki udongo wetu, amezoea kule."

Josephat alipiga magoti mbele ya mzee yule, kama alivyofundishwa kufanya kwa baba, akamshika mikono yote miwili. Anisia alikwisha toka nje. Walipomfuata walimkuta yuko bondeni, kandambili mkononi, amezama matopeni hadi vifundoni, anapima kwa macho wapi atapanda nini.

Hawakuweza kujenga mwezi ule, wala mwezi uliofuata, maana mvua ilikuwa bado ikinyesha. Kwa hiyo walikaa tena na kusemezana, mwenye nyumba na wapangaji, waziwazi: Yasmina na mtoto watalala nyumba ya mbele na bibi, Hussein atajibana na mizigo ya vitenge, na Josephat na Anisia watabaki nyuma mpaka maharage yavunwe na kuta za Giheta zipate paa. Ndoo ya mihogo ilihamia nyuma ya choo. Salama aliionja ladha ya kusema moja kwa moja, na kwa wiki kadhaa alizidisha kidogo. Alimwambia jirani kwamba sauti yake ya kuimba haifai, na Yasmina akalazimika kwenda kuomba msamaha.

Kiangazi kilipoingia, Josephat alianza kupandisha kuta juu ya bonde. Kila asubuhi Kasiano alipita, akasimama mikono nyuma, akatazama kazi. Alisema mambo kama vile upepo wa mwaka huu unatoka upande wa ajabu, au jua linachagua chumba. Josephat aliweka mwiko chini.

"Baba," aliuliza, "unamaanisha nini?"

Mzee alihema, akatazama huku na huku kama anayehofia kuonwa.

"Dirisha," alisema. "Umeiweka kombo."